Kibao cha Nzi Kirudi Nyumbani, Chupa Isiyo na Jina Itoke



Ndugu wazazi, mvua za kwanza zimeshuka hapa Bujumbura, maembe yamejaa soko la Ruvumera, na nzi wamerudi kama wageni wasioalikwa. Ukipita avenyu za Buyenzi wakati wa adhuhuri utasikia kila nyumba inapuliza dawa. Wanapuliza jikoni, wanapuliza sebuleni, wanapuliza juu ya kitanda alicholala mtoto mchanga, kisha wanasema Alhamdulillah, nzi wamekufa. Sisi tunauliza: ni nzi peke yao waliovuta ile hewa?

Tunajua tutachekwa. Walimu wa madrasa wameishiwa, sasa wanaandika habari za nzi! Chekeni, lakini someni mpaka mwisho, maana jambo hili lilitukuta wenyewe, na kosa lilikuwa letu.

Ilikuwa siku ya khitma ya watoto. Tulikuwa na masufuria ya pilau, sinia za ndagala, na nzi wasiohesabika. Mmoja wetu alikwenda kununua dawa kwa mtu anayeuza barabarani, ile ya shambani, ambayo mkulima anaichanganya na maji na kunyunyizia mimea. Tukaonjeshwa bei, tukaona ni nafuu kuliko mkebe wa dukani. Muuzaji akatutilia katika chupa ya maji ya nusu lita, haina jina, haina maelezo yoyote. Tukapuliza, nzi wakaanguka, tukafurahi. Chupa ikabaki dirishani na kilichosalia, kimechanganywa na maji kikawa cheupe kama maziwa.

Mtoto wa miaka sita alikuja na kiu.

Alitema mara ya kwanza, lakini kiasi kilikuwa kimeshapita kooni. Kabla hatujafika zahanati alikuwa anatokwa na jasho na mate, anatapika, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Daktari alipoziona akajua. Alituambia hiyo ni sumu ya jamii ya oganofosfeti, inayofunga kazi ya mishipa ya fahamu, na dawa yake ni atropini, tena ipewe upesi. Akachomwa sindano moja, akachomwa nyingine, tukakesha pale usiku mitatu. Mtoto alipona kwa rehema ya Allah. Mama yake hakututukana. Alituuliza neno moja tu: "Maalim, ile chupa iliwekwa pale na nani?" Tukajibu: ni sisi.

Tangu siku ile hatujaingiza dawa ya namna hiyo katika madrasa, na ndipo tulipoanza kutafuta kibao cha kupigia nzi. Tunasema tulitafuta, kwa sababu siku hizi kibao kimefanywa kitu cha aibu. Nyumba yenye mkebe wa kupuliza inahesabiwa nyumba ya watu walioendelea. Aliyeshika kibao anaonekana ni wa kijijini. Subhanallah! Kibao ulichokinunua mara moja utakitumia miaka, na mkebe unaisha kwa wiki mbili. Nani hapo mwenye akili ya fedha?

Tena kibao si kitu cha kijijini hata kidogo. Mwaka 1900 Mmarekani Robert Montgomery alipewa hati ya ubunifu kwa kifaa chake cha kuulia nzi, wavu wa waya uliofungwa kwenye mpini. Mwaka 1905, katika jimbo la Kansas, Dakta Samuel Crumbine wa bodi ya afya alianzisha kampeni ya kuwahimiza watu wapige nzi kwa ajili ya maradhi, na mwalimu wa shule, Frank Rose, akatengeneza vibao kwa fito za kupimia na vipande vya wavu wa dirishani. Mwalimu mwenzetu! Hakuona aibu.

Sasa ndugu msomaji, ukienda dukani usichukue kibao cha kwanza unachopewa. Vingi ni plastiki nyepesi inayokatika shingoni kabla mwezi haujaisha, kisha mtu anasema vibao havifai. Kishike kichwa, kikunje kidogo, ukiachie. Kikirudi sawasawa na shingo haikuacha mstari mweupe, ni kizuri. Kikilegea kama jani la mgomba, kirudishe. Mpini uwe kama nusu mita, ili mkono wako usimfikie nzi kabla ya kibao. Kichwa kiwe na upana wa kiganja, na ukingo wake uwe laini usichubue ukuta.

Na lazima kiwe na matundu. Hili watu wengi hawalijui. Kitu kisicho na matundu, kama ndala au gazeti lililokunjwa, kinasukuma upepo mbele yake, na nzi ana vinyweleo mwilini vinavyohisi upepo huo. Anapata habari kabla ya kupigwa. Matundu yanaupitisha upepo, na kibao kinafika kimya. Ndiyo maana baba anarusha ndala mara tano, anavunja glasi, na nzi bado yuko ukutani anapangusa mikono.

Kupiga nako kuna adabu yake. Macho ya nzi yanaona mwendo wa haraka kuliko yetu, kwa hiyo usimjie kwa pupa. Ngoja atue. Nyanyua kibao polepole, kisha piga kwa kiwiko cha mkono, si kwa bega zima. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Caltech huko Marekani, Gwyneth Card na Michael Dickinson, walipiga picha za kasi za nzi wadogo wa matunda, wakaona kuwa nzi kabla hajaruka anapanga miguu yake ili arukie upande wa pili wa hatari. Basi usilenge pale alipo. Lenga mbele kidogo, upande anaokukimbilia. Sisi tumejaribu, na hata ustadhi wetu mwenye miwani mizito sasa anapata.

Ila usipige juu ya chakula wala karibu na sinia. Nzi aliyepasuka anaacha tumboni mwake pale pale. Mfukuze kwanza, atue ukutani au mlangoni. Ukimaliza, osha kibao kwa maji ya moto na sabuni, na kisitundikwe pamoja na miiko ya jikoni kama tulivyoona nyumba moja (hatuitaji, mwenyewe anajijua).

Kuna kundi jingine linalotuambia tununue zile raketi za umeme za Kichina. Hatuziharamishi. Wapo wanaozikataa kwa hadithi inayokataza kuadhibu kwa moto, lakini Sheikh Muhammad bin Uthaymin wa Saudia, aliyefariki mwaka 2001, aliona kuwa hilo ni mshtuko wa umeme na si kuchoma. Tatizo letu na raketi ni jingine. Mwaka 2000 watafiti wa Kansas, Urban na Broce, walionyesha kuwa nzi anayeuawa kwenye mitego ya umeme anarusha vijidudu hewani. Sasa wewe unaizungusha juu ya meza ya futari! Na mtoto akiigusa raketi iliyozimwa sasa hivi bado anaweza kupigwa, kwa kuwa ndani yake kuna umeme uliobaki.

Halafu wapo wazee wetu, Allah awahifadhi, wanaotuletea hadithi ya nzi iliyomo katika Sahihi Bukhari, kuwa nzi akiangukia kinywaji azamishwe kisha atolewe. Wanasema, basi mbona mnampiga vita? Sisi tunaikubali hadithi. Lakini inazungumzia nzi aliyekwisha kuanguka. Haikusema tuache vyombo wazi ili waanguke. Mtume (S.A.W.) huyo huyo ametuamrisha kufunika vyombo, na hilo limo katika Sahihi Muslim. Mbona hiyo hatuisikii barazani? Na anayeua ameamrishwa aue vizuri. Kwa hiyo vijana wanaomshika nzi wakamng'oa mabawa na kumwachilia atambae, hao wakanywe. Pigo moja, basi.

Wengine watatuambia: je, si imethibitika kwamba dawa inapunguza maradhi? Kweli. Mwaka 1999 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa vijiji vya Pakistani ambako nzi walidhibitiwa kwa dawa, na kuharisha kwa watoto wadogo kulipungua kwa asilimia 23. Hatuufichi utafiti huo, unathibitisha kuwa nzi si jambo la mchezo. Na sisi tulioona kipindupindu kikitangazwa mjini hapa Januari 2023 hatuhitaji kukumbushwa. Lakini ile ilikuwa kazi iliyopimwa na kusimamiwa. Nani aliyepima ile chupa ya barabarani? Mama aliyetilia kwa macho katika chupa ya maji, akapuliza juu ya mkate, anafanya utafiti gani?

Wala hatusemi kibao peke yake kitamaliza nzi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia tano katika maisha yake mafupi, na kwa joto letu hili yai linakuwa nzi kwa muda wa siku saba mpaka kumi. Ukiua kumi ukutani na huku maganda ya maembe yanaoza nyuma ya choo, unajichosha. Takataka zitoke mara mbili kwa wiki, kabla mzunguko huo haujatimia. Choo kifunikwe. Ndagala zikishakauka ziingizwe ndani, na sinia ipate kawa juu yake kama alivyofanya bibi yako. Kibao ni cha wale wachache watakaopenya, na ukiyafanya hayo watakuwa wachache kweli.

Tunawaomba basi, leo kabla ya magharibi, kila mzazi aangalie dirishani, chini ya kitanda, na juu ya kabati ya jikoni. Akiiona chupa ya maji au ya soda yenye dawa ndani, asiimwage mtaroni wala chooni. Aifunge barabara, aandike SUMU kwa herufi kubwa, aiweke mahali panapofungwa kwa kufuli, kisha amuulize mtu wa kilimo au wa afya wa mtaa namna ya kuiondoa. Na ikitokea mtoto amekunywa, msimtapishe, msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali na chupa hiyo mkononi.

Vibao vya madrasa ni viwili, vimetundikwa nyuma ya mlango wa darasa la wadogo. Anayetaka kuona namna ya kununua aje baada ya alasiri akikunje mwenyewe. Tunaomba tu akirudishe, cha tatu kiliondoka na mzazi mmoja siku ya Ijumaa na hatujakiona tena.

Wabillahi tawfiq.