Mtoko si bia na chipsi tu, jamani!

Macho yote sasa yapo kwenye Jumamosi. Leo nataka tugombane kidogo, lakini ugomvi wa kindugu, wa kuisha kwa kucheka.

Kuna wimbo mmoja nimechoka kuusikia hapa Dar. Utausikia kijiweni kwa vijana, utausikia saluni kwa akina dada wanaosubiri nywele zikauke: "Aa, mji huu hauna pa kwenda, ni baa tu." Wakishasema hivyo wananyanyuka, wanakwenda baa! Wanakunywa, wanakula chipsi kuku, wanarudi usiku mfuko umetoboka, Jumatatu wanakopa nauli. Wiki ijayo wimbo ni ule ule.

Mimi nasema mji huu una pa kwenda mpaka miguu ikuume. Tatizo letu, sehemu hizo tumewaachia wageni. Makumbusho eti ni mambo ya wazungu. Picha za kuchora eti za wazungu. Vinyago ndio usiseme. Na muziki wa bendi tunaupenda kweli, ila kiingilio ndicho kinachotuwasha.

STENDI UNAIJUA, JE NDANI?

Nikikutajia Makumbusho, najua unawaza stendi ya daladala na makonda wanaovutana na abiria. Hivi umewahi kujiuliza jina hilo limetoka wapi? Limetoka Kijiji cha Makumbusho, kipo huko huko kando ya Barabara ya Bagamoyo, tangu miaka ya 1960. Humo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Kuna msonge wa Wahaya, kuna tembe la Wagogo, na nyingine nyingi, kila moja na vyombo vyake ndani. Unainama, unaingia, unakaa kimya, unajisikia uko mbali na honi za mjini.

Mimi nilikwenda na bibi yangu mzaa mama, aliyekuja kutoka Dodoma kutibiwa macho. Nyumbani kwetu bibi alikuwa haongei. Kutwa amekaa kochini, anatazama tivii ambayo haimhusu, ukimuuliza unaitikiwa "mm". Tulipofika kwenye tembe akasimama mlangoni, akagusa ukuta kwa kiganja, akaingia. Nakwambieni, alianza kuongea hapo akamaliza baada ya saa nzima! Akanionyesha mahali wanapolala ndama, mahali anapokaa mgeni, mahali alipozaliwa mama yangu, maana naye alizaliwa kwenye nyumba kama hiyo. Mwisho akanung'unika kwamba nyumba haina moshi, na nyumba isiyo na moshi haina mtu.

Mtoto wa mjini nikabaki mdomo wazi. Nimekula na bibi sahani moja miaka yote, kumbe simjui. Na gharama ya hiyo siku? Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, tena kidogo sana ukilinganisha na raundi moja ya bia. Ukifika getini uliza pia siku za ngoma, maana huwa zinachezwa humo, na hapo ndipo utamu unapozidi.

Ukitaka ya katikati ya mji, nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, iliyofunguliwa mwaka 1940. Lile fuvu la Zinjanthropus tulilolikariri shuleni ili tufaulu mtihani, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, makazi yake ni hapo. Lina umri wa miaka milioni moja na laki saba na nusu hivi. Wenzetu wanapanda ndege kuja kuliulizia. Wewe nauli yako ni ya daladala, na bado unasema huna pa kwenda!

PICHA ZA BAISKELI

Haya, twende Oysterbay, Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Huko kutazama ni bure. Unapita unaona chui, kanga, tembo na samaki, rangi zinakuita kwa jina. Wachoraji wamekaa chini wanafanya kazi mbele yako, na ukiwasalimia vizuri watakueleza.

Lakini usitazame bila kumjua mwenye jina. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alifanya vibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar kutafuta maisha kama mimi na wewe tulivyokuja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Hakuwa na shule ya uchoraji. Picha alikuwa anaziuza hapo hapo nje ya maduka, na wateja wakubwa walikuwa wageni waliokuwa wanaishi Oysterbay.

Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi, usiku, wakidhani ni mwizi anayekimbia. Akafa akiwa na miaka 40. Alichora kwa miaka michache tu, lakini wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 wachoraji wakaanzisha chama chao cha ushirika. Leo jina la kijana yule wa Tunduru limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, unaojulikana dunia nzima.

Sasa mimi huwa najiuliza. Wageni walizinunua, wakazipeleka kwao, wakazitundika. Sisi tulikuwa wapi? Sebuleni kwetu tumetundika picha ya maporomoko ya maji ya nchi tusiyoijua, imetengenezwa kiwandani, na maua ya plastiki juu ya friji. Picha ndogo ya Tingatinga haina bei ya kutisha, na ukiongea Kiswahili chako vizuri mtaelewana.

Vivyo hivyo kwa vinyago vya Mwenge. Tembea kibanda kwa kibanda, sikiliza patasi zinavyogonga. Nikupe na siri moja: mpingo wa kweli ni mzito, hata ukiutia kwenye maji unazama. Kinyago cheusi kilicho chepesi kama mkate, kisugue kwa kidole chenye unyevu. Kidole kikitoka cheusi, shukuru na uendelee na safari, hiyo ni rangi ya viatu.

Kwa vijana wanaopenda mambo mapya, ipo Nafasi Art Space, Mikocheni, tangu mwaka 2008. Wachoraji na wachongaji wana vyumba vyao vya kazi humo, na maonyesho yanafanyika mara kwa mara. Usiogope geti. Geti la baa mbona huliogopi?

"WALIKUWA WASHKAJI"

Nimefika penye ugomvi wenyewe. Muziki wa dansi. Mji huu una historia ya bendi ambayo miji mingine inaionea wivu. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Sikinde, yaani Mlimani Park, ikaanza mwaka 1978, na mwimbaji Muhidin Gurumo akatoka Msondo kwenda kuianzisha na wenzake. Tangu hapo mashabiki wanagawanyika kama Simba na Yanga, na hadi leo wapo wazee wasiokaa meza moja kwa ajili ya jambo hilo.

Lakini bendi si Msondo na Sikinde peke yake. Zipo bendi ndogo ndogo, na nyingi ya hizo mshahara wa mwanamuziki ni kile kilichokusanywa mlangoni usiku huo. Nyumba tunayopanga sisi ni zile za uswahilini, ukuta haufiki juu, jirani akikohoa wewe unasema pole. Chumba cha pili anaishi baba mmoja mpiga gitaa la rithim. Sitamtaja yeye wala bendi yake. Alfajiri moja karudi, nikamsikia mkewe anamuuliza:

"Watu walikuwepo, baba watoto?"

"Walijaa, mpaka wengine walisimama."

"Sasa mbona hii?"

Kimya. Halafu akasema, "Wengi walikuwa washkaji."

Mama yule hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi leo akija mwenye nyumba kudai kodi, mwambie na wewe ni mshkaji wake."

Jamani, nilijifunika shuka mpaka usoni. Watu waliocheza usiku kucha, waliotoa jasho, walioagiza bia meza nzima, waliingia bure kwa sababu wanamjua mpiga gitaa. Kumbe kumjua ndiko kulikomponza! Bia hawakupewa bure. Nyama choma hawakupewa bure. Bodaboda ya kurudi walilipa. Aliyekosa ni yule aliyewafanya wacheze. Halafu wiki hiyo hiyo utawasikia wanasikitika kwamba muziki wa bendi unakufa, siku hizi ni cd na spika tu. Muziki haufi kwa ugonjwa, ndugu zangu. Unakufa kwa njaa.

Najua kuna atakayeniambia hali ni ngumu. Kweli ni ngumu, hata mimi nalipwa kwa makala. Kama huna, siku hiyo nenda pa bure, zipo nyingi na nimeshakutajia. Lakini kama una hela ya chupa tatu, una hela ya kiingilio na chupa mbili. Na kama msanii ni rafiki yako, wewe ndiye wa kwanza kulipa, maana wa mbali hamjui kodi yake.

Basi wikiendi hii fanya hivi. Chagua sehemu moja ambayo hujawahi kuingia. Mchukue mtu mmoja: mchumba, mtoto, au bibi anayeshinda kochini. Ondokeni mchana, mle nyumbani kwanza ili njaa isiwaharibie hesabu. Mlangoni toa hela, usitaje jina la mtu. Ukirudi, kama hukufurahia, niandikie unitukane, nitakusoma.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda, na tafadhali, mkikutana na jirani yangu yule ukumbini, msimwambie kwamba nilisikia.