Weka Mwongozo Huu Chini Kwanza

Mwanafunzi, kabla hujafungua sehemu ya muhtasari, kumbuka prepu ya jana. Yamkini ulianza na hesabu, kwa kuwa mwalimu alitaka madaftari yakusanywe asubuhi. Kisha ukanakili maelezo ya Biolojia ya rafiki yako. Kengele ikalia. Riwaya ilibaki ndani ya dawati, na hakuna aliyekuuliza.

Kazi ya dharura huwa na mtu nyuma yake: mwalimu anayesubiri daftari, kiranja anayeandika majina ya waliokwepa kupiga deki. Kitabu teule hakina kiranja. Kimenyamaza tangu Januari, nawe umechukulia kwamba kinaweza kungoja. Naam, kitangoja hadi Oktoba. Hapo kitakuwa cha dharura, pamoja na tamthilia na hadithi fupi zote, katika wiki zile zile unazohitajika maabarani kujiandaa kwa mtihani wa vitendo wa Kemia.

Hebu pima uzito wake. Karatasi ya tatu ina alama 80. Unajibu maswali manne, kila moja alama 20. Ukijibu swali moja la riwaya, moja la tamthilia na moja la hadithi fupi, hizo ni alama 60. Na swali la dondoo hutaka muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Mara nyingi maneno yenyewe ni ya kawaida tu, kama ya mama anayemtuma mtoto dukani. Muhtasari wangu hauna maneno hayo. Niliyaacha ili uwe mfupi.

Sikwambii utupe hesabu. Nayo ina mtihani wake, na jaribio la kesho ni la dharura na ni muhimu pia. Lakini kunakili maelezo ambayo ungeweza kuyasoma Jumamosi? Au kuchora upya ratiba ya kudurusu kwa kalamu za rangi? (Hiyo ya ratiba haina dharura wala umuhimu, ila inampa mtu raha ya kujiona anasoma.)

Ninachokuomba ni dakika 20 za mwanzo wa prepu, kabla hujagusa daftari linalodaiwa. Ukizisukuma mwisho, kengele itazila. Kitabu cha kurasa 200, ukisoma kurasa 5 kila siku, kinakwisha kwa siku 40. Ikiwa wewe ni wa kutwa, na jioni kuna maji ya kuteka na wadogo wa kupikia, soma kurasa 3. Utamaliza kwa siku 67, bado mapema.

Muhtasari unaanza ukurasa unaofuata. Urudi hapa ukishafika sura ya mwisho ya kitabu chenyewe.