Tusikimbilie kisu kwa sababu ya karatasi ya kipimo

Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mwenye umri wa miaka 36, alibisha hodi kwa mwandishi wa safu hii hapa Nyakabiga akiwa na bahasha mkononi. "Mwalimu, nisomee hizi," alisema. Kifaransa hakijui kwa sababu, kama wengi wetu tuliosoma Ulyankulu, alifundishwa kwa Kiswahili. Nyumbani kwake walikuwa wamelitambua neno moja tu, kansa, na mume wake alikwisha kuanza kuuza mzigo ili kupata fedha za kuondoa ovari zote mbili, yaani vile vifuko vya mayai ya uzazi. Siku ya upasuaji ilikuwa imepangwa.

Tulisoma taratibu. Ekografi (altrasaundi, kama tulivyozoea kuiita Tanzania) ilionyesha uvimbe wa maji wa sentimita 5, wenye ngozi nyembamba, bila kinyama ndani. Kipimo cha damu kiitwacho CA-125 kilikuwa 58, wakati kikomo cha kawaida ni 35. Chini daktari aliandika kwamba kansa inashukiwa. Inashukiwa, siyo imeonekana! Na damu yenyewe ilichukuliwa mama akiwa katika siku zake.

Ni vyema wananchi wakaelewa kwamba CA-125 haipimi kansa peke yake. Hupanda wakati wa hedhi na wa ujauzito, hupanda kwa uvimbe wa kawaida wa kizazi, kwa maambukizi ya nyonga na kwa ugonjwa wa ini. Hupanda sana kwa kifua kikuu cha tumboni, ambacho hujaza maji tumboni na kumkondesha mgonjwa hata akafanana kabisa na mwenye kansa ya ovari, kumbe dawa za miezi 6 zingemponya. Katika nchi zetu hizi, daktari asiyefikiria kifua kikuu kabla ya kushika kisu amefanya haraka mno. Kuhusu vifuko vya maji, mwanamke ambaye bado anapata hedhi huvipata mara nyingi, na vingi huisha vyenyewe baada ya miezi miwili mitatu.

Wenye vyombo vingi kuliko sisi wamekwisha kulipia somo hili. Marekani walifanya utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2011, wakiwapima wanawake wasio na dalili yoyote kwa CA-125 na ekografi. Wanawake 3,285 waliambiwa huenda wana kansa kumbe hawana. 1,080 kati yao walipasuliwa, na 163 wakapata madhara makubwa ya upasuaji. Vifo vya kansa ya ovari havikupungua. Uingereza nao walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na mwaka 2021 wakafikia jibu lile lile. Kwa hiyo kliniki inayomuuzia mwanamke mzima, asiyeumwa, kipimo hiki kama "kujikagua" inamuuzia wasiwasi.

Ovari si kitu cha kutupwa hata kwa aliyemaliza kuzaa. Kabla ya umri wa kukoma hedhi ndizo zinazolinda mifupa na moyo. Zikiondolewa zote, hedhi hukoma ghafla, joto hupanda usiku, mifupa hulegea mapema. Na kwa binti ambaye hajapata mtoto, hapa kwetu kila mtu anajua maneno atakayoyasikia ukweni. Mara nyingi inawezekana kutoa uvimbe peke yake, au ovari moja, na kuacha nyingine.

Hatusemi watu wakimbie hospitali. Mwanamke aliyekoma hedhi akaota uvimbe, au yeyote ambaye tumbo linajaa kwa wiki kadhaa, anashiba kwa matonge mawili na kwenda haja ndogo kila mara, asingoje hata kidogo. Wapo pia wenye kansa hii katika ukoo, ambao daktari anaweza kuwashauri kuondoa ovari kabla ya ugonjwa, na kwao ni ushauri wa haki. Kansa ya kweli ikithibitika, upasuaji kamili ndio unaookoa.

Yule mama alikwenda kwa daktari mwingine, akarudia ekografi baada ya miezi 3. Uvimbe haukuwapo. Nusu ya mzigo wake ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa hasara.

Ndugu zetu wanaovuka kwenda kutibiwa Uvira au Kigoma wabebe karatasi zote pamoja na picha zenyewe, maana daktari wa pili hawezi kulinganisha asichokiona. Nayo Wizara ya Afya tunaiomba jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa: mwanamke asiwekewe kalamu mkononi atie sahihi ya kuondolewa ovari kabla ya kuelezwa, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, ni nini kimeonekana na ni nini kinashukiwa tu.