Mlango wa Kazi za Hifadhi Usifungwe kwa Mwafrika

Siku hizi si ajabu mwalimu wa sekondari au ofisa wa maliasili kuulizwa na kijana aliyehitimu masomo yake: nifanyeje nipate kazi ya msimu ya kutunza hifadhi huko New Zealand au Australia? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu la kweli, maana kijana asiyejibiwa na mwalimu wake hujibiwa na tapeli.

Kazi zenyewe zipo. Idara ya Hifadhi ya New Zealand, iliyoundwa mwaka 1987, inatunza karibu theluthi moja ya ardhi ya nchi hiyo. Ndege wa visiwa vile waliishi tangu kale bila adui mwenye miguu minne. Wageni walipoleta panya, vicheche wa Ulaya na posamu wa Australia, ndege hao wakaanza kuangamia. Mwaka 2016 Serikali ya huko ilitangaza azma ya kuwamaliza wanyama hao waharibifu ifikapo mwaka 2050. Kwa sababu hiyo huhitajika watu wa kutega mitego, wa kukata misonobari iliyojiotea ovyo milimani, wa kupanda miti ya asili wakati wa baridi, na wa kuangalia vibanda vya wasafiri wa miguu tangu mwishoni mwa Oktoba hadi Aprili.

Kijana wa kigeni huweza kuomba kazi hizo za muda akiwa na kile kiitwacho viza ya likizo na kazi. Kwa kawaida hupewa mwenye umri wa miaka 18 hadi 30, na kwa raia wa baadhi ya nchi hadi miaka 35. Australia ilianzisha utaratibu wa namna hiyo mwaka 1975. Lakini neno "likizo" lisitupumbaze. Huko Australia, wengi wa wenye viza hiyo wakitaka kuongezewa mwaka wa pili hutakiwa kwanza kufanya kazi maalumu kwa siku 88, hasa za mashambani. Na tangu Desemba 2015 kazi isiyolipwa ujira, kwa kawaida, haihesabiwi. Ni dhahiri basi kwamba serikali hizo zinamtambua kijana huyo kuwa ni mfanyakazi, na uchumi wao unahitaji jasho lake.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Viza hiyo hupewa raia wa nchi zilizopatana tu. New Zealand imepatana na nchi 45, zikiwamo za Ulaya, Asia na Amerika, na hakuna hata moja ya Afrika. Katika orodha ya Australia nako Afrika haimo. Kwa hiyo mtu anayemwambia kijana mwenye pasi ya Tanzania kwamba atampatia viza hiyo akimlipa, huyo ni mwizi, na yafaa aripotiwe polisi. Njia iliyobaki kwa kijana wetu ni kupata kwanza mwajiri wa kweli atakayemtaka kwa ujuzi wake. Tena ajue kwamba sheria ya New Zealand ya mwaka 1983 ya kulinda mishahara inamkataza mwajiri kumtoza mtu fedha ili ampe kazi.

Je, turidhike na hali hiyo? Hapana. Vijana wa nchi hizo huja kwetu kujitolea katika hifadhi na shule zetu, nasi tunao utaratibu wa kuwapa kibali cha ukaazi cha daraja la C. Tunawapokea kwa heshima, na tuendelee kuwapokea. Lakini urafiki wa mataifa ni nipe nikupe. Tangu mwaka 1963 Chuo cha Mweka kimekuwa kikifundisha watunzaji wa wanyamapori wa bara hili. Haielekei kwamba kijana wa Ulaya asiyepata kujifunza kazi hiyo afunguliwe mlango, na mhitimu wa Mweka afungiwe kwa sababu ya pasi yake.

Wapo watakaosema kwamba vijana wetu wakienda hawatarudi, na kwamba hifadhi zetu zinawahitaji. Hofu hiyo ina uzito. Lakini kazi ya msimu ina mwisho wake, na mapatano yanaweza kuweka idadi na masharti. Zaidi ya hayo, elimu watakayoipata ndiyo tunayoihitaji. Sisi pia tunao wavamizi wetu: kunguru wa India walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na magugu maji yaliyolikumba Ziwa Victoria. Kijana aliyeshika mtego katika visiwa vya mbali atarudi na ujuzi wa kutufaa hapa nyumbani.

Yatupasa basi kufanya mambo mawili. Wizara zinazohusika na kazi, maliasili na mambo ya nchi za nje zilipeleke suala hili mezani, zikidai mapatano ya usawa, hata kwa kuanzia na vijana wachache. Nao walimu na maofisa wetu, wakati tukingoja, wawaeleze vijana ukweli huu bila kuwavunja moyo. Kijana anayetaka kufanya kazi kwa mikono yake aheshimiwe popote duniani, na wa kwanza kumtetea tuwe sisi.