UFUGAJI: Tusiwalaumu majike kabla ya kumtazama dume

Katika milima ya Kivu jamaa nyingi hufuga kondoo wachache. Mwana-kondoo mmoja akiuzwa, mtoto hulipiwa minervali, au mgonjwa hununuliwa dawa. Basi mwaka ambao majike hawashiki mimba ni mwaka wa taabu nyumbani. Mara mwenye kundi huwapeleka kwa mchinjaji akisema ni tasa. Twamwomba angoje kidogo. Jike mmoja akikosa mimba, huenda kasoro ni yake. Kumi wakikosa pamoja, yafaa kumtazama dume wao. Hata katika nyumba za watu lawama humwendea mke kwanza, wala si haki sikuzote.

Dume aweza kuwa mnene na mwenye nguvu, na huku mbegu zake ni dhaifu. Mwaka 1969 wataalamu Underwood na Somers wa Australia walilionyesha jambo hilo. Kondoo dume wachanga waliokula chakula chenye miligramu 17 za zinki katika kila kilo walikua vema, lakini korodani zao hazikukua ipasavyo. Wenzao waliopata miligramu 32 hawakuwa na kasoro hiyo. Basi unene si ushahidi.

Vitamini A nayo ni ya lazima. Hutokana na majani mabichi, na mnyama huweka akiba yake katika ini. Kiangazi kikizidi kuwa kirefu, akiba hupungua na mbegu huharibika. Vitamini E, pamoja na madini yaitwayo seleni, huzilinda mbegu zisidhurike. Vitamini hiyo iligunduliwa mwaka 1922 huko California na Evans na Bishop, walipochunguza panya walioshindwa kuzaa.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuanze mapema. Mbegu za kondoo hutengenezwa kwa siku 49 hivi, kisha hukaa kama wiki mbili zikikomaa. Chakula cha leo huonyesha faida yake baada ya miezi miwili. Anayetaka kupandisha Septemba aanze Julai.

Pili, tumkatie dume majani mabichi ya bondeni na ya viazi vitamu, tukimwongezea pumba kidogo, kwa maana pumba zina zinki.

Tatu, tumwekee chumvi ya kulamba yenye madini, iliyotengenezwa kwa ajili ya kondoo. Ile ya ng'ombe au ya nguruwe ni hatari, kwa sababu huwa na shaba nyingi. Shaba hukusanyika katika ini la kondoo pasipo dalili. Kisha ghafula macho huwa manjano, mkojo huwa mwekundu mweusi, na mnyama hufa. Seleni nayo ikizidi ni sumu. Sindano yake ni kazi ya mganga wa wanyama.

Lakini tusinunue dawa bure. Dume apataye majani mabichi mwaka mzima hana haja ya sindano ya vitamini A. Tena, hakuna vitamini itakayoponya korodani zenye uvimbe, au moja iliyo kubwa na nyingine ndogo. Tuzipapase kabla ya kupandisha.

Baadaye tuwaangalie majike. Wakirudia kutaka dume kila baada ya siku 17 hivi, tumbadilishe dume. Wakitulia, tuhesabu miezi mitano.