Washington walipaswa kumlipa McLaurin kabla msimu wa 2025 haujaanza

Mwisho wa Julai 2025, pale Terry McLaurin alipoiomba timu ya Washington Commanders imuuze, grupu letu la WhatsApp la ukoo liligawika pande mbili. Huku Maryland na Virginia tunakoishi wengi wetu, watoto walitaka alipwe. Wazee, wakiongozwa na ami yangu aliyeko Maskati, walisema mtu anakaribia miaka 30, mwacheni aende na jina lake. Mie niko na watoto. Na kwa kuwa ami hunikata kauli kila nikiandika neno kwenye grupu, nimeona bora nimjibu hapa.

Kwa ufupi, kwa wale ambao mpira mnaoujua ni ule wa kupigwa kwa mguu. Katika mchezo huu wa Wamarekani timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Kwotabeki anaurusha, mpokeaji anakimbia kuudaka huku mlinzi amemganda kama ruba. Ikifika nafasi ya tatu na bado zimebaki yadi 7, uwanja mzima unajua mpira unakwenda kwa nani. Mpokeaji wa kutegemewa ni yule ambaye mlinzi naye anajua, na bado mpira unadakwa.

McLaurin alichukuliwa mwaka 2019 katika raundi ya tatu, mtu wa 76. Vijana wa raundi hiyo hawapewi matumaini makubwa. Msimu wa kwanza akapata yadi 919. Baada ya hapo amevuka yadi 1,000 misimu mitano mfululizo, kuanzia 2020 mpaka 2024, na katika misimu yote sita amekosa mechi tatu tu za msimu wa kawaida. Sasa tazama waliokuwa wakimrushia: Case Keenum, Dwayne Haskins, Alex Smith, Taylor Heinicke, Carson Wentz, Sam Howell. Kila ukigeuka kuna mpishi mpya jikoni, na yeye chakula chake kiko mezani. Enzi zile timu ilikuwa ya Dan Snyder, na sisi tunaoishi huku tunajua ilivyokuwa aibu kuvaa fulana yake hadharani. Fulana ya namba 17 peke yake ndiyo mtu aliweza kuivaa bila kuchekwa.

Halafu mwaka 2024 akaja Jayden Daniels. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 4 msimu wa nyuma ikashinda 12, ikafika hatua moja kabla ya Super Bowl, ambako Philadelphia walitupiga 55 kwa 23. McLaurin alifunga tachidauni 13 msimu wa kawaida, kisha akafunga moja katika kila mechi ya mtoano: Tampa, Detroit, Philadelphia. Mechi ya Novemba na Dallas sitaisahau. Zimebaki sekunde 21, anadaka mpira na kukimbia, yadi 86 mpaka mwisho. Mpigaji wetu akakosa mkwaju wa pointi moja ya kusawazisha na mechi ikatutoka, lakini hilo si la mpokeaji.

Hoja ya ami ni umri. McLaurin alitimiza miaka 30 mwezi wa Septemba 2025, na ami anasema fedha unayomwandikia leo utamlipa akiwa na miaka 31, 32, hata 33, wakati miguu imeshachoka. Ami amefanya biashara maisha yake yote, na hesabu hiyo si ya kupuuzwa. Mpokeaji anaishi kwa mbio, na mbio hazimsubiri mtu. Lakini umri wa mchezaji hauhesabiwi kwa kalenda tu. Mike Evans wa Tampa Bay alipewa mkataba mpya wa miaka miwili mwezi Machi 2024, unaofika dola milioni 52, akiwa tayari na miaka 30. Msimu uliofuata, ingawa aliumia katikati, alimaliza na yadi 1,004, msimu wake wa 11 mfululizo wa kuvuka elfu. Davante Adams naye alipata yadi 1,063 mwaka 2024, tena msimu ule ule alihama timu. Wanaodumu ni wale ambao kazi yao inategemea namna wanavyokimbia njia walizopangiwa na namna wanavyodaka, kuliko kasi tupu. McLaurin ni wa kundi hilo, ingawa kasi pia anayo.

Fedha sasa, maana hapa ndipo watu wanapotishika bure. Mwaka 2022 timu ilimpa mkataba wa karibu dola milioni 23 kwa mwaka. Wakati ule ligi iliweka kikomo cha mishahara cha dola milioni 208.2 kwa kila timu, kwa hiyo McLaurin alichukua kiasi cha asilimia 11. Mwaka 2025 kikomo kilipanda mpaka milioni 279.2. Ukimpa milioni 30 kwa mwaka, hiyo ni asilimia 10 na pointi 7. Yaani anaonekana anaomba mlima, kumbe fungu lake katika chungu kizima linapungua kidogo. Ami anaona tarakimu ya 30 anashika kichwa. Lakini kodi ya duka la Ruwi nayo si ile ya miaka mitatu iliyopita, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kuna mfano mmoja wapinzani wetu wanautumia sana, nao ni Kansas City. Machi 2022 walimuuza Tyreek Hill kwenda Miami, wakapewa nafasi tano za kuchagua vijana, kisha wakachukua Super Bowl mbili mfululizo. Kwa hiyo, wanasema, mpokeaji hana maana, muuze. Bwana, Kansas City walikuwa na Patrick Mahomes aliyekwisha kuiva na Travis Kelce wa kumrushia. Ukiwa na nguzo mbili unaweza kung'oa ya tatu na paa lisianguke. Sisi nguzo ya pili ilikuwa nani? Deebo Samuel alikuja mwaka 2025 kutoka San Francisco kwa bei ya nafasi moja ya raundi ya tano. Ni mchezaji mzuri, nilifurahi alipokuja, lakini yeye ni mtu wa kupewa mpira mkononi akaanza kuwabomoa walinzi. Kuukimbilia mpira wa yadi 40 pembeni ya mstari ni kazi nyingine.

Mfano unaofanana na wetu ni wa Tennessee. Aprili 2022, usiku wa drafti, Titans hawakutaka kumlipa A.J. Brown, wakamuuza Philadelphia kwa nafasi ya 18 na ya 101. Philadelphia wakampa dola milioni 100 kwa miaka minne. Tennessee wakaitumia nafasi ya 18 kumchukua mpokeaji kijana wa bei rahisi, Treylon Burks, na hakuziba pengo lile. Desemba ya mwaka ule ule meneja aliyefanya biashara hiyo alifukuzwa kazi. Brown alivaa pete ya Super Bowl ya Februari 2025, na kila msimu tulikuwa tukikutana naye mara mbili. Wallahi, hatuhitaji kusafiri mbali kutafuta ushahidi.

Nitakuwa sijatenda haki nikiacha San Francisco. Agosti 2024 walivutana na Brandon Aiyuk kambi nzima, mwisho wakampa milioni 120 kwa miaka minne. Oktoba akaumia goti, msimu ukaishia hapo. Adam Peters, meneja wetu, alikuwa huko San Francisco kabla ya kuja kwetu, na bila shaka jambo hilo liko kichwani mwake. Aiyuk alikuwa na miaka 26. Goti halikuuliza umri, kwa hiyo mfano huo hauwezi kutumiwa dhidi ya wenye miaka 30 peke yao.

Lililonifanya niseme walipe mapema ni Daniels. Mkataba wake wa mwanzo ni karibu dola milioni 38 kwa miaka yote minne, wakati makwotabeki wakubwa wanapata zaidi ya milioni 50 kwa mwaka mmoja. Nafuu hiyo ina mwisho wake. Akija kudai chake, timu itabana matumizi kila upande. Miaka ile ya mwanzo ndiyo ya kumzungushia watu wa kumsaidia, na huwezi kumwambia kijana wa mwaka wa pili afanye makubwa zaidi huku unamuondolea mtu aliyemrushia mipira mingi kuliko wote.

Kuna na wale wengine walio chumba cha kubadilishia nguo. Wenye maduka huko Ghuba wanalijua hili. Una kijana wa dukani aliyekaa na wewe miaka sita, biashara ilipokuwa mbaya hakukimbia, funguo za duka ziko mfukoni mwake. Ukianza kumzungusha kwenye nyongeza ya mshahara, wa kwanza kutafuta kazi kwingine ni wale vijana wapya wanaomtazama.

Siungi mkono apewe chochote atakacho. DK Metcalf amepewa na Pittsburgh milioni 132 kwa miaka minne, yaani 33 kwa mwaka, lakini alikuwa na miaka 27. Kama McLaurin alitaka bei hiyo kwa miaka minne, hapo ami angenipata upande wake. Mie ningempa miaka mitatu, milioni 30 au zaidi kidogo kwa mwaka, na dhamana iwe kwenye miaka miwili ya mwanzo. Mwaka wa tatu timu iwe na njia ya kutoka bila kuumia. Kungoja mkataba wake uishe ili wamfunge kwa ile tegi ya mwaka mmoja ni ujanja wa bei ghali: kwa wapokeaji mwaka 2025 ilikaa karibu milioni 24, na mchezaji anayefungwa nayo anakuja kambini amenuna au haji kabisa.

Mechi ya kwanza ya msimu wa 2025 ilikuwa tarehe 7 Septemba, nyumbani, na New York Giants. Saa saba mchana ya huku, saa tatu usiku ya Maskati. Siku zilizokuwa zimebaki zilitosha kukaa mezani na kutia saini.