Waliosimamisha mbio walifanya haki

Naandika kutoka Batsinda, hapa Kigali. Baadhi ya watu bado wanalalamika kwamba hatua ya mwisho ya mbio za baiskeli za Tour du Rwanda, tarehe 2 Machi 2025, ilisimamishwa kwa sababu ya mvua. Mimi nasema waamuzi walifanya haki. Kwenye vilima vyetu jua huwaka upande huu huku mvua ikimwagika ng'ambo ya bonde, na mwendesha baiskeli hupita kote kuwili kabla jezi haijakauka. Kupanda kunachosha, lakini kinachoua ni mteremko: lami ikilowa tairi nyembamba huteleza, na breki huchelewa kushika. Fabien Doubey wa Ufaransa aliyekuwa akiongoza ndiye aliyetangazwa mshindi wa jumla, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Ombi langu ni kwa wanyonzi wetu, waendesha baiskeli wanaobeba abiria na mizigo kila siku: ikiwa mabingwa wa mbio husimama mvua ikizidi, nanyi simameni. Abiria, tuwe na subira. Hakuna safari inayozidi uhai.